Mtoto hataki kula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazazi, bibi, babu na dada wa nyumbani wanaolisha watoto wa mwaka mmoja hadi mitano. Maswali haya ndiyo yanayorudi kuliko mengine siku za kliniki, pale kwenye benchi la kusubiri mizani. Majibu mengi yanamhusu mtoto mwenye afya anayechagua chakula. Anayeumwa ana swali lake huko chini, na ukiona dalili zilizotajwa pale, acha kusoma mengine uende naye hospitali.

Alikuwa anakula kila kitu. Alipofikisha mwaka na nusu akabadilika kabisa. Ana nini?

Mara nyingi hana ugonjwa wowote. Katika umri huo mambo mawili hukutana.

La kwanza ni kasi ya kukua. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kike wa wastani huzaliwa na kilo 3.2, na akitimiza mwaka ana kilo 8.9. Ameongeza karibu kilo 6 katika miezi 12. Mwaka wa pili anaongeza kilo 2.6 tu, afike 11.5, na wa tatu kilo 2.4. Mwili unaokua polepole hauombi chakula kwa pupa ile ya mwanzo. Mama aliyezoea bakuli kurudi tupu sasa analiona linarudi nusu, hofu inamwingia, na hofu hiyo ndiyo inayozaa ugomvi wa mezani.

La pili ni woga wa chakula asichokijua. Huanza kujitokeza karibu na mwaka wa pili na kwa watoto wengi hudumu miaka kadhaa. Mtoto aliyejua kutembea anaweza kuokota chochote akakitia mdomoni, kwa hiyo kusita mbele ya kitu kigeni kunamkinga. Ndiyo maana mchicha aliokula vizuri akiwa na miezi tisa leo anautoa kwenye wali, jani moja moja. Tena ni umri wa "sitaki" na "mwenyewe". Anataka kuona kama neno lake lina uzito.

Hali hii hupita. Inayoirefusha ni vita vya kila mlo.

Sahani inarudi nusu kila siku. Nitajuaje kwamba anakula cha kutosha?

Tazama kadi ya kliniki kabla ya kutazama sahani. Mstari unaopanda kwa kufuata njia yake, hata kama njia hiyo ni ya chini kidogo kuliko ya mtoto wa jirani, unakwambia chakula kinatosha. Mstari uliolala miezi miwili au mitatu mfululizo, au unaoshuka, ndio wa kuuliza. Wazazi wengi huacha kwenda kupima uzito mara chanjo zinapoisha, na hapo ndipo wanapobaki kubahatisha kwa macho.

Omba urefu nao upimwe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, ilikuwa asilimia 18. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu yaliyojaa na uchangamfu wote, ila ni mfupi kwa umri wake, na mizani peke yake haitakuonyesha hilo. Kuna pia utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kipimo kilicho chini ya sentimita 12.5 kinahitaji ufuatiliaji. Kilicho chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kuhusu kiasi, mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anatoshwa na robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima kwa mlo, milo mitatu au minne kwa siku, na kitafunwa mara moja au mbili katikati. Watu wazima hupakua zaidi ya hapo kwa mazoea, kisha wanasema mtoto hakumaliza. Pima kwa wiki nzima. Kuna siku atakula ndizi moja na vijiko vitatu vya wali, na kesho yake akaomba aongezwe.

Je, nimlazimishe?

Hapana. Hili nalisema bila kulipunguza makali.

Kuna kulazimisha kwa mikono: mtoto analazwa mapajani, mikono inabanwa, pengine na pua, uji unamiminwa kwa kiganja. Bibi zetu wengi walilishwa hivyo na wakalisha hivyo, kwa upendo, wakiogopa njaa na surua vilivyokuwa vikiondoka na watoto. Lakini mtoto anayelia huku akimiminiwa uji hupaliwa, uji ukaingia njia ya hewa na kufika kwenye mapafu. Wapo wanaopata nimonia kwa sababu hiyo, na wapo wanaokufa. Nyumba yenye desturi hii iiache leo.

Kuna na kulazimisha kwa maneno: "kula au polisi anakuja", "mwenzako Asha kamaliza", "kijiko kimoja tu kwa ajili ya mama, haya kingine cha baba". Kunaonekana kwa upole, lakini mtoto anaelewa kwamba mlo ni mtihani na kila mtu anatazama mdomo wake. Mtu mzima akitazamwa hivyo hamu inamtoka, sembuse mtoto. Hata kushangilia kupita kiasi kila anapomeza ni shinikizo, maana siku asiposhangiliwa atajua amekosea.

Ubaya wa kulazimisha unazidi chakula cha siku hiyo. Mtoto huzaliwa na uwezo wa kuhisi njaa na kushiba. Akilishwa kila mara baada ya kugeuza kichwa, anajifunza kwamba ishara za mwili wake hazina maana.

Kama silazimishi, basi kazi yangu ni ipi? Nimwache ale anachotaka?

La, kazi yako ni kubwa, ila ina mpaka. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliigawa vizuri: mzazi ndiye anayeamua kinapikwa nini, kinaliwa saa ngapi na wapi, mtoto ndiye anayeamua kama atakula, na kiasi gani. Matatizo mengi huanza mmoja anapoingia kwenye kazi ya mwenzake. Mama anahesabu matonge, huku mtoto ndiye anayepanga kwamba leo ni chipsi.

Watu huuliza kama kweli mtoto anaweza kuaminiwa na tumbo lake. Daktari mmoja wa Marekani, Clara Davis, alijaribu jambo hilo miaka ya 1920 na 1930. Watoto 15 waliokuwa ndio kwanza wanaachishwa ziwa walipangiwa vyakula mbalimbali, na walezi wakaagizwa wasimshawishi mtoto kwa chochote, wangoje aonyeshe mwenyewe anachotaka. Wapo waliokula mayai kwa siku kadhaa kisha wakayaacha, na kila mmoja alichagua kivyake, lakini walikua vizuri. Wengi husimulia habari hii wakaishia hapo. Kilichobaki ndicho muhimu zaidi kwetu: vyakula vyote vilivyowekwa mbele yao vilikuwa vya asili na vyenye lishe. Hapakuwa na biskuti, soda wala peremende. Mtoto alikuwa huru ndani ya meza iliyopangwa na mtu mzima.

Kwa nyumba ya kwetu maana yake ni hii. Ukipika, hakikisha sahani ina angalau kitu kimoja ambacho mtoto amekizoea, iwe wali, ndizi au kipande cha chapati, ili asikute meza nzima ni ngeni. Usipike chakula cha pili baada ya yeye kukataa cha kwanza. Kaa naye ule. Baada ya dakika 20 au 30, kama hataki, sema sawa, toa sahani bila kununa, na umwambie chakula kingine ni saa fulani. Siku mbili tatu za kwanza ni ngumu. Atakujaribu.

Sisi tunakula sinia moja. Mtoto mdogo naye ale hapohapo?

Akae hapohapo, lakini chake kiwe kwenye kisahani chake.

Sinia ni shule nzuri ya kula. Mtoto anaona mikono ya wote, anaona baba akichovya tonge kwenye kisamvu na kaka akichambua samaki, na hamu ya kuiga ina nguvu kuliko maneno yoyote. Familia za mwambao na za bara zinazokula pamoja mkekani zina kitu ambacho wazazi wa miji mikubwa wanakitafuta kwa shida. Msimwondoe mtoto pale eti anachafua, akalishwe jikoni peke yake saa moja kabla.

Shida ya sinia ni nyingine. Mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba. Mtoto wa miaka miwili anatafuna polepole, na kaka zake wa miaka minane na kumi wanamaliza mboga kabla hajameza tonge la tatu. Akinyanyuka hakuna anayejua alikula kiasi gani, na nyama, kwa desturi za nyumba nyingi, inagawiwa mwisho na kwa ukubwa wa mtu. Kwa hiyo mpakulie mapema, na kitoweo kiwemo: vipande viwili vya samaki vilivyotolewa miba, au nusu yai, au vijiko vitatu vya maharage yaliyopondwa. Mdogo ndiye anayehitaji kitoweo kuliko sisi sote kwa uzito wake, maana ndiye anayejenga damu na mifupa. Akikimaliza na kutaka cha sinia, aingize mkono.

Na umwache ale kwa mkono wake. Mnawishe kwa sabuni, mtandikie kitambaa, kubali punje za wali zitamwagika. Anayechezea tonge anajifunza ulaini wake, joto lake na namna linavyobanwa kwa vidole. Wengi wanaotema chakula cha kijiko hula vizuri wakiachiwa mkono.

Mboga za majani hagusi. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu lake linahitaji subira kuliko ufundi.

Watoto huuhisi uchungu kwa ukali kuliko sisi. Mnavu na majani ya kunde yaliyochemshwa na chumvi tu ni mtihani hata kwa mtu mzima. Anza na yaliyo laini na yasiyo na uchungu: mchicha mchanga uliopikwa kwa tui la nazi, matembele, au kisamvu kilichotwangwa vizuri kikaiva na karanga. Mkenya ataikata sukuma wiki nyembamba zaidi ya kawaida, aitoe uti, aipike na nyanya iliyoiva sana. Nazi, karanga na mafuta vinafanya kazi mbili: vinapunguza uchungu, na vinausaidia mwili kufyonza vitamini A iliyomo kwenye majani.

Kisha rudia. Tafiti nyingi za ulaji wa watoto zinaonyesha kwamba chakula kipya huhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla hakijakubalika. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne na kutangaza mbele ya mtoto mwenyewe, "huyu hapendi mboga". Akishapewa jina hilo atalilinda. Weka kijiko kimoja cha chai cha mchicha pembeni ya wali anaoupenda, siku kadhaa kwa wiki, usiseme kitu. Kuugusa ni hatua. Kuunusa ni hatua. Kuutia mdomoni na kuutema pia ni hatua, kwa hiyo usimgombeze akitema. Mwonyeshe pa kutemea.

Mpe kazi. Akachague fungu la mchicha gengeni, achambue majani, amwagie mabaki kuku. Mtoto aliyechambua mboga hutaka kuona imekuwaje. Na tafadhali, baba naye ale. Mtoto akimwona baba anasukuma mboga pembeni na kubakiza nyama, hotuba za mama hazitafua dafu.

Wakati unangoja, usiogope. Vitamini A ipo pia kwenye embe bivu, papai, boga, karoti na viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Kuponda boga ndani ya maharage hakuna ubaya, ila usiishie kuficha tu. Mboga aijue kwa sura yake. Na usiruke matone ya vitamini A yanayotolewa kliniki kila miezi sita hadi mtoto afike miaka mitano.

Anakula wali mtupu, au ugali na mchuzi wa juu tu. Atapata madhara?

Akiendelea hivyo kwa miezi, ndiyo. Wali na ugali hushibisha, lakini madini ya chuma, zinki na protini zinazotosha havina. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 kipimo kinachotumika duniani ni makundi matano kati ya manane kwa siku: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; jamii ya kunde na karanga; maziwa na mtindi; nyama, samaki na kuku; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A; na mboga na matunda mengine. Chukua siku moja ya kawaida nyumbani kwako uhesabu. Nyumba nyingi huishia matatu, na si kwa umaskini kila mara.

Mlaji mgumu afanyiwe kazi kwa vitu vidogo vyenye nguvu. Dagaa, ambao Kenya huitwa omena, waliooshwa mchanga ukaisha, wakakaangwa kavu na kutwangwa, wanaingia kwenye mchuzi anaoupenda bila kuubadilisha sana. Yai lichanganywe na wali ukiwa wa moto, liive sawasawa. Maharage au kunde zilizopondwa zikapakwa kwenye chapati. Parachichi. Kamulia ndimu kwenye maharage na mboga, au mpe chungwa baada ya mlo, kwani vitamini C huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya mimea.

Anapenda chai na maziwa kuliko chakula.

Hapo umeshapata sababu ya yeye kukataa chakula. Tumbo lake ni dogo, na vikombe vitatu vya maziwa vimelijaza. Baada ya mwaka mmoja maziwa ya ng'ombe yasizidi takriban nusu lita kwa siku. Yakizidi, yanachukua nafasi ya vyakula vyenye madini ya chuma na mtoto anaweza kupungukiwa damu. Yatolewe kwenye kikombe, si chupa ya kutembea nayo kutwa nzima.

Chai ya rangi mtoto mdogo haihitaji. Ina vitu vinavyozuia madini ya chuma ya mboga na nafaka yasifyonzwe, na sukari yake inaua hamu. Najua chai na andazi asubuhi ni desturi ya nyumba nyingi. Kikombe chake kiwe cha maziwa au uji.

Anayenyonya aendelee hadi miaka miwili au zaidi. Kwa aliyepita mwaka, mpe chakula kwanza, ziwa lifuate.

Biskuti, juisi za paketi, pipi za dukani kwa Mangi. Nizipige marufuku?

Nyumbani, unaweza kuacha kuzinunua, na ndilo jambo rahisi kuliko yote. Kinachoharibu mlo ni zile ndogondogo za kutwa: biskuti saa nne, juisi saa tano, andazi la jirani saa sita kasoro, kisha saa saba mtoto anaambiwa hataki kula. Hana njaa. Mpangie nyakati. Kati ya mlo na kitafunwa zipite saa mbili na nusu hadi tatu, na katikati iwe maji tu.

Wakwe, majirani na wageni ndio wagumu. Na baba anayerudi jioni na mfuko, kwa kuwa watoto humkimbilia langoni. Asinyimwe furaha hiyo. Arudi na machungwa, ndizi mbivu au parachichi, watamkimbilia vilevile.

Ana miaka mitatu na bado anaishi kwa uji wa lishe.

Mtoto wa mwaka mmoja na kuendelea anatakiwa kula chakula cha familia na kutafuna. Anayekunywa uji milo yote hajifunzi kutafuna, na baadaye nyama au kipande cha muhogo kinamshtua. Bakisha uji asubuhi tu, mingine iwe chakula kigumu kilicholainishwa, ukipunguza kuponda wiki hadi wiki.

Uji wenyewe uwe mzito, ukae kwenye kijiko usitiririke. Uji mwepesi ni maji mengi na nguvu kidogo. Ukiwa mzito sana kwa mtoto, tumia kimea: wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo ukikoroga kwenye uji mzito wenye joto, unalegea bila kuongezwa maji. Kisha uchemshe tena kidogo. Ni ujuzi wa wapika togwa na pombe ambao wataalamu wa lishe wa Tanzania waliuchunguza tangu miaka ya 1980 na kuukubali.

Jambo moja kuhusu unga wa lishe wa kuchanganya nafaka kumi na karanga. Karanga na mahindi visivyokauka vizuri hushika sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Karanga zisisagwe pamoja na unga ukakaa miezi. Zichambue, utupe zilizokunjamana na zenye ukungu, ukaange, usage kidogokidogo, utie kwenye uji unapopika.

Hali bila katuni za simu.

Simu inafungua mdomo lakini inamfungia mtoto habari za chakula. Anameza bila kujua anakula nini wala ameshiba lini. Izime kwa mlo mmoja kwanza, ule ambao nyote mpo, na ya watu wazima ikae mbali pia. Atalia. Mlo wa kwanza atakula kidogo. Badala yake mpe mazungumzo, mwulize samaki huyu katoka wapi, mwache ahesabu vipande.

Mimi nashinda kazini. Dada au bibi ndiye anayemlisha, na wana njia zao.

Zungumza nao kabla ya kulaumu. Dada anayeambiwa jioni "kwa nini hajala?" kesho atamlazimisha, au atampa biskuti ili apate cha kuripoti. Mwambie wazi kwamba hatalaumiwa mtoto asipokula, na kwamba unachotaka kujua ni nini kilipikwa, saa ngapi, na mtoto alikuwa na hali gani. Andikeni ratiba ya milo ibandikwe jikoni. Bibi naye usimpinge mbele ya mtoto. Nenda naye kliniki siku ya kupima. Muuguzi akisema, litasikika kuliko likitoka kwa mkwe wake au binti yake.

Nikimwahidi pipi akimaliza mboga, kuna ubaya?

Upo. Mtafiti wa Marekani Leann Birch alionyesha miaka ya 1980 kwamba watoto waliopewa zawadi ili wale kitu fulani walikipenda kidogo zaidi baadaye. Mtoto anajiambia kwamba mboga ni adhabu, ndiyo maana inalipiwa, na pipi inapanda cheo. Kama mna tunda au kitu kitamu siku hiyo, kiwekwe kwa wote bila masharti.

Vipi dawa za kuongeza hamu ya kula?

Usinunue bila daktari. Baadhi ya syrup zinazouzwa kwa jina hilo ni dawa za mzio ambazo huongeza njaa kama athari ya pembeni na kumfanya mtoto asinzie. Ukiziacha hamu hurudi ilikokuwa. Cha kufanya ni kupima damu na minyoo. Upungufu wa damu wenyewe huondoa hamu ya kula, na dawa ya minyoo hutolewa kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja.

Chakula anakataa, lakini udongo anakula.

Mpeleke apimwe wingi wa damu. Kula udongo, mkaa au chokaa mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe huleta minyoo.

Vyakula gani vinaweza kumkaba?

Karanga na korosho nzima, bisi, peremende ngumu, zabibu nzima, vipande vya nyama visivyotafunika, miba ya samaki, na mbegu za ubuyu, ambazo watoto wa pwani hupewa mapema mno. Chini ya miaka mitano karanga zisagwe. Asali asipewe kabisa kabla ya mwaka mmoja. Na mtoto ale akiwa amekaa, asikimbizwe uani na bakuli.

Ni wakati gani si uchaguzi tena bali ni ugonjwa?

Mpeleke kituo cha afya akiwa amepungua uzito, au mstari wa kadi umelala; akiwa na homa, kuharisha, kutapika au kukohoa wakati wa kula; akilia anapomeza; akiwa na vidonda mdomoni, meno yaliyooza au choo kigumu cha siku nyingi; akiwa amepauka viganja; au miguu ikivimba, ambayo ni dharura. Anayeshindwa kunywa kabisa, au amelegea na haamki vizuri, asingoje asubuhi.

Umwone daktari pia kama vyakula anavyokubali vinazidi kupungua badala ya kuongezeka, au anakataa kundi zima kwa sababu ya ulaini au rangi na kuchafukwa hata akikiona tu. Hilo huonekana zaidi kwa watoto wenye usonji, na linahitaji msaada wa mtaalamu.

Baada ya malaria au kuharisha, hamu hurudi kwa kishindo. Itumie: mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, arudishe alichopoteza.

Anasusa chakula cha jioni, halafu saa nne usiku ananiamsha kwamba ana njaa.

Sogeza chakula cha jioni mbele. Nyumba nyingi za mjini hula saa mbili au saa tatu usiku, baba akisharudi, na mtoto wa miaka miwili saa hizo usingizi umemzidi. Ale saa kumi na mbili na nusu jioni, kisha akae nanyi saa ya wakubwa na kipande cha ndizi au kikombe kidogo cha mtindi. Akiamka bado anaomba, mpe kile alichokiacha, kikiwa kimehifadhiwa salama na kupashwa hadi kiwe cha moto, au ndizi. Usimpe biskuti wala chai. Mpe bila hotuba, taa ikiwa hafifu, apige mswaki, alale.